Kwanini siku hizi hatupokei mtoto peke yake kwenye darasa la kuogelea

Sisi tunaofundisha kuogelea hapa Kigoma, Ziwa Tanganyika, tunaulizwa sana, tena na wateja wetu wazuri tu: "Nawaletea watoto wawili muwafundishe, mimi na mama yao tutakaa hapo kivulini, kwani lazima na sisi tuingie majini?" Ndio, siku hizi lazima, angalau mzazi mmoja, na ngoja tueleze maana wengine wanadhani tunatafuta hela ya kichwa kingine.

Mwanzo tulikuwa tunachukua watoto tu. Sasa siku moja kuna mtoto wa miaka 8 alikuwa ameshajua kuelea chali, yani katulia kabisa, masikio ndani ya maji, mikono kaiachia, tumbo tu ndo linapanda na kushuka. Mama yake kule mbali kaona mwanae hatikisiki akajua ndo basi, akakimbia na dera lake moja kwa moja ziwani, na ziwa letu unalijua, hatua tatu unasimama ya nne hakuna chini. Dera likajaa maji likamfunga miguu. Mwalimu mmoja akabaki na mtoto, mimi nikamfuata mama. Alitoka salama, namshukuru Mungu, akakaa mchangani kamkumbatia mwanae analia, na mimi mikono inatetemeka, nikasema hapana, hatuendelei hivi.

Maana mtoto akizidiwa na maji anayeruka wa kwanza ni mzazi, awe anajua kuogelea au hajui, hatofikiria. Na hapa Kigoma hatuishi karibu na bwawa, Tanganyika ni ziwa la pili duniani kwa kina baada ya Baikal la Urusi, karibu mita 1,470, lipo kwenye bonde la ufa ndo maana sehemu nyingi linakata ghafla hata karibu na ufukwe. Alafu mtu anayezama mara nyingi hapigi kelele, hana pumzi ya kupigia, anakuwa kimya wima kichwa kinaingia na kutoka, ukiwa unachati na simu humuoni.

Siku ya kwanza hakuna anayeogelea. Mnakaa familia nzima maji ya kiunoni mnapuliza mapovu, pua ndani, mnatoka, mnacheka, basi. Siku ya pili kuelea, na hapo watoto wanawatangulia wazazi karibu kila mara. Kina baba wengi miguu inazama wanakata tamaa, wanasema mimi mzito sijaumbiwa maji, siyo kweli jamani, mwenye misuli mingi miguu yake inashuka kirahisi na pia maji ya ziwa hayakubebi kama ya chumvi ya Dar au Tanga. Jaza kifua pumzi, nyoosha mikono juu ya kichwa, miguu itapanda yenyewe polepole. Kuna baba wa Ujiji alikuwa kakaza shingo kama anabeba ndoo, binti yake wa miaka 10 akaweka viganja chini ya kisogo chake akawa anamwambia "baba legeza, nimekushika", na akalegeza kweli, akaelea, sisi walimu tulikuwa tumehangaika naye asubuhi nzima.

Siku ya tatu ndo ninayoipenda, siku ya dumu. Dumu la lita 20 tupu, mfuniko umekazwa, kamba imefungwa kwenye kishikio cha dumu, mnajifunza kumrushia mtu badala ya kumfuata, na dumu hilo linambeba mtu mzima akilikumbatia. Weka maji kidogo ndani lipate uzito wa kurushia. Na ukishamtoa mtu hapumui usimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo, unapoteza muda, mlaze chali, inua kidevu, mbane pua umpulizie pumzi mdomoni, ukiona bado hapumui anza kumbonyeza kifua huku wengine wanatafuta gari ya hospitali.

Nguo: dera, kanga na buibui pana hapana, njooni na taiti na fulana ya mikono mirefu, kina mama wanaotaka mwalimu mwanamke yupo na tunawatenga upande wao.

Wengine wanauliza kama watapata kichocho ziwani, swali zuri, sisi hatuingii penye majani na maji yaliyotuama wala vijito vinapoingilia, konokono wanaokieneza wanapenda huko, na kama umeshaoga sehemu za hivo nenda kapime, dawa ipo. Mamba vilevile, kabla ya sehemu mpya tunawauliza kwanza wavuvi.

Tunaanza saa 1 asubuhi maana miezi ya Juni mpaka Agosti kusi likianza kupiga mawimbi yanawatisha watoto. Ni siku nne, familia inalipa bei moja hata mkiwa sita. Mkifika mtaona madumu ya njano yamepangwa mchangani, chagueni lenu, mkimaliza mnaondoka nalo na kamba yake.