Mgonjwa asiye na kituo chake

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie tabia iliyoenea hapa Bukavu, kuanzia Kadutu hadi Bagira, ya mtu mmoja kutibiwa leo kwenye kituo cha afya, mwezi ujao kwenye polikliniki nyingine, na kati ya hapo kujinunulia vidonge farmasini, huku kila mahali akifunguliwa fishi (kadi ya matibabu) mpya kana kwamba hajawahi kuugua.

Kwa kidonda kidogo hasara haionekani. Anayeumia ni mwenye tansio (shinikizo la damu) au sukari. Kipimo kimoja cha tansio hakimwambii muuguzi mengi, kwa kuwa kupanda mlima wa Kadutu kwa haraka kunatosha kuipandisha. Vipimo vya miezi kadhaa, vilivyoandikwa mahali pamoja, ndivyo vinavyoonyesha kama dawa inafaa au inapaswa kubadilishwa. Mgonjwa huyohuyo akiumwa magoti, farmasi humuuzia diklofenaki, dawa ya maumivu, bila kumwuliza neno, ilhali dawa hiyo huweza kupandisha tansio na kudhuru figo. Muuguzi anayemfahamu angeanza na parasetamoli.

Utaratibu wa kutufaa tunao tangu zamani. Baada ya mkutano wa kimataifa wa Alma-Ata wa mwaka 1978 kuhusu afya ya msingi, nchi yetu ya Kongo iligawanywa katika maeneo ya afya ili familia ianzie kituo cha jirani na, ikibidi, itumwe hospitali kuu kwa karatasi ya rufaa. Sisi tunapeleka kikohozi hospitali kubwa na kumwachia muuguzi wa mtaani chanjo za watoto. Siuiti ujinga: wengi huzunguka kwa sababu ya fedha, na wapo wanaokwepa tu kituo walichoacha deni.

Kwa hiyo lawama yangu haiishii kwa wagonjwa. Wasimamizi wa vituo wangepunguza kuwahamisha wauguzi waliokwisha kuzijua familia, wangekubali deni lilipwe kidogo kidogo, na wangempa mgonjwa anayehama nakala ya fishi yake bila kumzungusha. Wakati tukingoja hayo, kila nyumba yenye mgonjwa wa kudumu inaweza kumnunulia daftari la shule, na kumwomba kila anayemtibu aandike humo tarehe, kipimo na jina la dawa.

Wako mwaminifu,
Msomaji wa Kadutu, Bukavu