Kabla Hujajaza Ile Fomu

Neema mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Barua yako ya kunieleza unataka kwenda nje kama mmisionari imenifikia, na kwa jinsi ulivyoiandika naona moyo umeshaondoka, umebaki mwili tu unangoja tiketi. Wala huniulizi kama uende. Unataka nikuambie usiogope. Hilo sitakuambia, maana nakupenda. Nitakueleza maisha ya mwanamke aliyetumwa mbali na kwao yalivyo, kadiri ninavyoyaishi na kadiri nilivyosoma habari za waliotutangulia, kisha utaamua mwenyewe mbele za Mungu.

Nianze na la umri, kwa sababu ndilo jepesi. Unasema umechelewa, mashirika ya misheni yanapenda vijana. Ni kweli yanawapenda. Lakini soma habari za mama mmoja aliyeitwa Maria Fearing. Alizaliwa mtumwa huko Alabama, Marekani, mwaka 1838, na shule aliianza akiwa mtu mzima. Alipoomba kwenda Kongo, kanisa lake la Presbyterian lilimkatalia kwamba umri umempita. Akauza nyumba yake, akapokea na dola 100 walizomchangia wanawake wa kanisani, akajilipia nauli. Mwaka 1894 alipanda meli akiwa na miaka hamsini na kitu. Kule Luebo alianzisha makao ya wasichana, wengine akiwakomboa kwa bidhaa kutoka kwa watu waliowateka. Yeye aliyezaliwa mtumwa! Baadaye shirika lilelile lililomkataa likamwandikisha na kumlipa. Alirudi kwao mwaka 1915 na akafa mwaka 1937. Kwa hiyo akija mtu kukutajia umri, mtajie jina hilo, mwendelee na mengine.

Sasa yale mazito. Najua kilichokuwasha ni semina ya wanawake, mliposimuliwa habari za Mary Slessor. Mimi pia ndiye aliyeniwasha. Msichana wa Scotland aliyeingia kiwandani Dundee akiwa na miaka 11, nusu siku kazini na nusu siku darasani, baba mlevi, kisha mwaka 1876 akafika Calabar, katika nchi tunayoiita leo Nigeria. Walimsimulia akitembea peku msituni, akiokota watoto mapacha waliotupwa na kuwalea kama wake, akiamua kesi kule Okoyong, bara ya Calabar, baada ya serikali ya Waingereza kumpa mamlaka hayo mwaka 1892. Yote ni kweli na wala sitaki kuyapunguza. Lakini liko jambo ambalo wahubiri hulipita mbio. Mama yule alikula chakula cha wenyeji na kuishi kama wao, na sababu mojawapo ilikuwa ya kawaida kabisa: sehemu kubwa ya mshahara wake aliituma nyumbani kwa mama yake na dada zake. Sisi tumeigeuza bajeti yake kuwa unyenyekevu. Nilipolijua hilo nilimpenda zaidi, maana hapo ndipo nilipojiona.

Fedha, Neema. Hakuna anayetaka kuzizungumza, na ndizo zinazowarudisha watu nyumbani. Utapewa kiasi unachotakiwa kukusanya kabla ya kuondoka, utazunguka makanisani, watu watasimama na kuahidi kwa machozi. Ahadi hizo zina nguvu mwaka wa kwanza. Kisha mmoja anastaafu, mwingine anahamia usharika mwingine, wa tatu anajenga. Hawana ubaya, wanaishi maisha yao. Wewe kule utaamka siku moja ukute fedha ya huko imepanda thamani na posho yako imenyauka bila mtu yeyote kuigusa. Wakati huohuo ndugu zako wanasema uko nje, kwa hiyo unazo. Na wenyeji wako wanasema umetoka nje, kwa hiyo unazo. Utakuwa tajiri machoni pa watu wote isipokuwa yule anayefungua pochi yako. Uliza mapema nani analipa bima ya afya, na kama inahusu kusafirishwa ukiwa hoi. Maswali haya yakikufanya uonekane una imani haba, acha uonekane hivyo.

La pili ni lugha. Wewe umezoea kusimama mbele ya akina mama mia mbili ukawachekesha, ukawaliza, ukawainua. Huko utaanza ukiwa mtoto. Watoto wenyewe watakusahihisha, na watakucheka kwanza ndipo wakusahihishe. Utakuwa na hekima yote uliyonayo sasa, lakini imefungiwa kifuani, na watu watakupima kwa sentensi fupi unazoweza kuzitoa. Kwangu hilo lilikuwa gumu kuliko upweke. Nilikuwa narudi chumbani jioni naomba kwa Kiswahili kwa sauti kubwa, nipate tu kujisikia kwamba bado nina akili.

Ndiyo maana napenda habari ya Gladys Aylward. Alikuwa mtumishi wa ndani London. Shirika lililomfundisha likaona hawezi Kichina, likamwachia. Nauli ya meli ilimshinda, basi mwaka 1932 akaenda kwa treni kupita Siberia. Akafika Yangcheng, milimani huko Shanxi, akaungana na mama mzee wa misheni aitwaye Jeannie Lawson, wakafungua nyumba ya wageni kwa ajili ya wachunga nyumbu waliokuwa wakisafirisha mizigo. Jioni wakila wanasimuliwa hadithi za Biblia. Lugha iliyomshinda kwenye mtihani aliipata hapo, katikati ya watu. Mwaka 1936 alichukua uraia wa China, na mwaka 1940, vita na Japani vikiwa vimepamba moto, akavuka milima kwa miguu na watoto wapatao mia moja hadi Xi'an. Waliomfelisha sidhani walikuwa watu wabaya. Walikuwa na karatasi ya mtihani mbele yao, basi. Ukipewa nafasi ya kuchagua, kaa na familia ya wenyeji miezi ya mwanzo, usikae kwenye nyumba za misheni pamoja na wenzako mnaongea lugha mnayoijua.

Umeniuliza kwa haya sana habari ya kuwa peke yako, bila mume. Nitakujibu bila haya. Ndiyo, utaulizwa. Utaulizwa na wenyeji, utaulizwa na watu wa kwenu, utaulizwa na dereva wa basi. Kuna jioni utalia. Lakini kuulizwa kunazoeleka. Kisichozoeleka ni kuamuliwa mambo yako na watu wasiokuwepo. Mary Slessor alichumbiwa na mwalimu wa misheni, Charles Morrison, kijana kuliko yeye. Mary hakutaka kuwaacha watu wa Okoyong, na wakuu wa misheni hawakukubali Morrison ahamie huko kwa sababu ya afya yake. Ndoa ikafia hapo. Fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini kamati ya mbali inaweza kuvunja uchumba. Labda afya ya kijana ilikuwa mbaya kweli, na labda walifanya sawa. Ninachosema ni kwamba kabla hujasaini, ujue nani ana neno la mwisho juu ya kituo chako, likizo yako, na mtu utakayetaka kuolewa naye. Na uliza kama mwanamke asiye na mume ana kura kwenye kikao cha wamisionari huko uendako. Usicheke, kuna mahali ambako mchungaji aliyefika juzi anaongea kwa niaba ya dada aliyekuwepo miaka na miaka.

Wala usidhani wenye ndoa wana nafuu. Mmisionari Johann Ludwig Krapf tunamjua, kamusi yake ya Kiswahili ilichapwa mwaka 1882. Mkewe Rosina alifika naye Mombasa mwaka 1844, na mwezi Julai mwaka huohuo akafa kwa homa muda mfupi baada ya kujifungua, na mtoto akamfuata. Sijui kama kuna semina ya wanawake inayomtaja. Wake wa wamisionari wengi husafiri kwa viza ya mume, hufanya kazi mbili, na kwenye taarifa ya mwaka huandikwa "na familia yake". Nina jirani wa namna hiyo hapa. Ndiye anayejua Biblia kuliko sisi sote.

Misiba. Hili nitalipita upesi kwa sababu unalijua. Wewe ndiye uliyenishikia simu kaburini tulipomzika baba, mimi nikawa nasikia udongo na wimbo, na mtandao unakatika. Slessor alifiwa na mama na dada yake katika kipindi kifupi, naye yuko Calabar, na baada ya hapo akasema hakuna tena wa kumhofia nyumbani akiingia bara. Miaka michache baadaye, 1888, akaenda Okoyong. Watu husimulia hatua hiyo kama ushujaa. Mimi nasikia msiba ndani yake.

Na kupumzika. Tafadhali usiwe mmoja wa wale wanaojivunia kutokupumzika. Lottie Moon, mmisionari kutoka Marekani, alikwenda China mwaka 1873, na kwa miaka mingi alipigania jambo ambalo leo tunaona la kawaida: wamisionari warudi nyumbani kupumzika kila baada ya miaka kumi, kwa kuwa alikuwa akiwaona wenzake wanakwisha na kwenda kaburini mapema. Aliomba pia wiki ya kabla ya Krismasi iwe ya kutoa sadaka ya misheni, na ya kwanza, mwaka 1888, ilipatikana zaidi ya dola 3,300, wakatumwa wanawake watatu. Mwisho wake unajulikana. Njaa iliingia, shirika lina madeni, naye akagawa alichokuwa nacho na chakula chake. Wenzake walipogundua alivyokonda wakampandisha meli kumrudisha kwao, akafa bandarini Kobe, Japani, tarehe 24 Desemba 1912. Huwa inasimuliwa ili watu watoe sadaka, na watu hutoa. Mimi nikiisikia najiuliza nani alikuwa na kazi ya kumtazama mama yule sahani yake ina nini. Kwako awe nani? Mpate mtu huyo kabla ya kuondoka, mtu atakayekuuliza umekula, umelala, una hasira na nani, na asiwe mtu wa kuripoti kwa shirika.

Nimekujaza mawingu, na utaniuliza kwa nini basi bado niko huku.

Niko huku kwa sababu kuna milango ambayo haifunguki mpaka abishe mwanamke. Ida Scudder alizaliwa India mwaka 1870 katika ukoo wa wamisionari na hakutaka kabisa kuwa mmoja wao. Usiku mmoja wakaja wanaume watatu, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja mkewe ameshikwa na uchungu na hali ni mbaya, wanataka mwanamke aje. Yeye hakuwa na ujuzi. Baba yake alikuwa daktari na alikuwa tayari kwenda, wakamkataa kwa kuwa ni mwanamume. Hadi asubuhi wanawake wote watatu walikuwa wamekufa. Ida akaenda kusomea udaktari Marekani, akahitimu mwaka 1899, akarudi Vellore, na mwaka 1918 akafungua chuo cha kuwafundisha wanawake udaktari. Hospitali aliyoianzisha ipo hadi leo. Hilo la chuo ndilo ninaloliona kubwa: hakutaka abaki yeye tu ndiye wa kuitwa usiku.

Mimi si daktari, lakini mlango huo naufahamu. Kuna mambo ninayoambiwa tukiwa tunachambua mboga ambayo mchungaji hatayasikia hata akihubiri mpaka sauti imkauke. Mwanamke ananiangalia, anaangalia mlango, anasema. Mara nyingi sina la kumjibu. Ninakaa. Kisha wiki ijayo anakuja na mwenzake. Kazi yangu karibu yote ni hiyo, na nikijaribu kuiandika kwenye barua ninayowatumia wanaoniombea na kunichangia inakuwa mistari miwili. Wafadhili wanapenda idadi na picha. Picha ya mama aliyeniambia siri yake situmi, hata mchango upungue, na naomba nawe usitume. Kuna msichana wa hapahapa aliyenifundisha lugha na ndiye sasa anayeongoza kikundi cha wanawake. Mimi nabeba viti. Ikifika mahali huko uendako ukakuta bado wewe ndiye unayeongoza kila kitu baada ya miaka kupita, jiulize kwa nini.

Basi, fomu ijaze ukitaka. Ila mkataba watakaokupa usisaini siku hiyohiyo, hata kama ni mbele ya madhabahu na kwaya inaimba. Nitumie picha za kurasa zote, hasa za likizo, bima na mahali panapoeleza nani anaweza kukuhamisha. Mama yako nitampigia mwenyewe Jumapili baada ya ibada, maana najua hajalala tangu umwambie. Usimweleze lolote zaidi kabla sijaongea naye, na nakuomba sana, habari za Lottie Moon usimsimulie kabisa.

Nisalimie wote nyumbani na akina mama wa kikundi.

Dada yako katika Bwana,
Eliwaza