Nitafutie ramani kabla ya Jumamosi

Sasa Kim,

Uko poa? Huku wote wazima, ni mvua tu imekataa. Najua nimepotea miezi karibu nane na sasa naibuka na shida, usinichoke.

Tafadhali pitia Ruaraka, pale Survey, ofisi ya ramani ya serikali, uniulizie ramani ya zamani ya Laikipia upande wetu, ile ya kipimo cha 1:50,000. Ya mzee ilikuwa kwa sanduku la bati, nimeifungua juzi nikapata panya wamekula kona moja, na si kona ya jirani, ni yetu! Kwingine iko safi, mistari ya kahawia ya miinuko imebanana kama alama za kidole, ukienda ranchi yoyote unaona "Dip", "Dam", "BH" (kisima cha kuchimbwa), yaani mpaka unajua ng'ombe wa mzungu walikuwa wanaogeshwa wapi.

Vita ni ya laga, ule mkondo wa maji. Mzee anasema ilichorwa bluu mstari mzima, maji mwaka mzima, jirani Lesh anasema ilikuwa vipande vipande tangu hapo, yaani maji ya msimu tu. Sasa mzee ameamua Jumamosi nitandaze ramani mbele ya wote wawili. Unaona vile nimekwama?

Hizo ramani zilianzia kwa ndege, si unajua, Lancaster za RAF, jeshi la anga la Uingereza, ndege za mabomu zikafungwa kamera baada ya vita zikapita huku kwenye miaka ya 1947 hadi 1952, halafu watu wakakaa Uingereza wanachora vilima wengine hawajawahi kukanyaga. Na picha za hivyo zinataka anga bila mawingu, si hiyo ni kiangazi? Kwa hivyo kama maji yalionekana, mzee ako sawa. Lakini nisimwambie bado, atavimba.

Kingine kinanisumbua ni majina. Wamaasai walitolewa Laikipia na ule mkataba wa 1911, kufika 1913 wameshasukumwa kusini, lakini ramani bado inaongea Kimaa: Ewaso Narok, mto mweusi, Nanyuki nayo wekundu. Nyasi zikachukuliwa, majina yakaachwa. Kwani sarveya alikuwa anaambiwa na nani, mchungaji wa ng'ombe? Ama... wacha nisianze.

Utapata nafasi wiki hii? Wanauza kopi ama ni kupiga picha tu? Nitume pesa ngapi? Shiro alijifungua? Na wewe utakuja lini, ama mpaka kuwe na matanga?

Ukimpigia mzee, neno panya lisitoke. Anajua ramani yake iko mzima.

Ni mimi,
Muthoni