Wakili wa Jumamosi
Wanakikundi habari za jioni, Jumamosi saa nane pale pale kwa mama ntilie nyuma ya Soko la Kilombero tutakuwa na yule dada wakili wa kesi za nembo na hakimiliki, jamani msichelewe kama kawaida yenu 😂. Kasoma digrii ya sheria, akapita Shule ya Sheria kule Dar ndo akaapishwa uwakili, saivi kazi yake kubanana mahakamani na wanaofoji lebo za watu. Nembo ukisajili BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, inalindwa miaka 7 halafu unahuisha kwa 10, ila michoro ni COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, mi mwenyewe nilikuwa nachanganya. Mama Batiki njoo na lebo yako na ile feki, wakili kaomba azishike zote mbili aone mshono