Kwa wanangu mnaoanza utafiti wa unene hapa Mwanza: pandeni kwanza nyie kwenye mizani

Wanangu, mwangaluka.

Wenzenu wawili watatu wameniomba niandike kitu, maana nimestaafu na muda ninao, halafu kila mkinipigia simu maswali ni yale yale, programu gani nzuri ya kuchambulia data, jarida gani halichelewi kujibu, supavaiza wangu kanikaushia mwezi wa pili huu. Hayo mtayajua tu mbele ya safari. Mi leo nataka tuongelee mizani.

Mnajua nilianza kama nesi, utafiti nikaingilia kwenye kukusanya data. Sasa siku moja tuko kwenye mwalo mmoja, pale ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki, huku upande wa Ilemela, tunapima akina mama wanaoanika na kukaanga dagaa. Mizani tumeiweka juu ya ubao, maana ukiiweka mchangani inakudanganya, foleni ndefu, jua limeshapanda, mi nasoma namba na mwenzangu anaandika yuko kule chini ya mti kama hatua kumi hivi. Akapanda mama mmoja mnene, mcheshi kweli kweli, ndo alikuwa anatuchekesha tangu asubuhi, na mi nikapaza sauti kama konda wa daladala, "mia moja na kumi na mbili nukta nne!" Vijana waliokuwa wanashusha mzigo wakaripuka, mmoja akasema huyu akipanda mtumbwi tutoe dagaa. Yule mama naye akacheka. Akavaa ndala zake, akajifunga khanga vizuri, akaondoka. Presha hatujampima, sukari hatujampima, jioni tukamfuata akatuma mtoto aseme hayupo, na kesho yake kikundi chake chote hakuja hata mmoja. Kwenye ripoti tukaandika "walikataa kushiriki". Uongo mtupu, tuliwafukuza sisi, mi hasa.

Tangu siku hiyo mizani yangu inakaa nyuma ya pazia, hata kama pazia lenyewe ni kitenge na kamba, na namba haitamkwi, inaandikwa, mwenyewe anaoneshwa kama anataka. Na nyie kabla hamjaenda fildi mpimane wenyewe kwa wenyewe kwa mizani na tepu, uzito, urefu, kiuno, nyonga. Mi mwenyewe nina kilo 94, nawaandikia hapa ili msinionee aibu. Kuna mkutano mmoja nilikaa mstari wa mbele, kijana anaprezenti kuhusu unene na kila slaidi ni tumbo la mtu lisilo na kichwa, anaongea kwa upole kuhusu usawa huku mi natazama matumbo kama bucha. Wekeni picha za watu wenye nyuso, wakikubali, au msiweke kabisa.

Kitu kingine, huku zahanati zetu nyingi utakuta mkanda wa presha saizi moja. Mkono mnene ukiufunga mkanda mdogo presha inasoma juu kuliko ilivyo, kwa hiyo unaweza kumrudisha mtu nyumbani na ugonjwa asiokuwa nao, ameanzishiwa dawa na hofu juu. Bajeti yenu ikipita bila mkanda mkubwa msiniambie mnafanya utafiti wa usawa wa afya, usawa wenyewe ndo huo, ni kitu cha kununua dukani.

Sasa hili la utamaduni. Nasoma sana kwenye makaratasi yenu kwamba jamii za kanda ya ziwa "zinathamini unene", nukta, aya inayofuata. Jamani. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini waligundulika Kagera mwaka 1983, hapo ng'ambo ya maji tu, watu wakauita Juliana kwa jina la vitambaa vilivyokuwa vinauzwa kipindi hicho, na mtu alikuwa anajulikana kwa kukonda. Nyie wengi mlikuwa hamjazaliwa. Mi niliuguza. Mama wa miaka 60 hapo Kirumba aliyezika wadogo zake wawili wamebaki mifupa, wewe unamwambia apungue kilo kumi, yeye anawaza majirani watasemaje akianza kupwaya kwenye gauni. Hiyo sio ujinga wala sio "mtazamo potofu", ni kumbukumbu, na ukiiruka dodoso lako litakuwa linauliza maswali ambayo majibu yake unayajua tayari.

Hata vipimo vyenyewe viulizeni vilikotoka. BMI, ile ya kilo zako gawa kwa urefu wa mita mara urefu, hesabu yake ilianza na Mbelgiji anaitwa Quetelet, mtu wa hisabati na nyota, karne ya 19, alikuwa anamtafuta binadamu wa wastani, mambo ya unene hayakuwa kichwani mwake, na jina la BMI lilikuja mwaka 1972 kwa akina Ancel Keys. Kiuno ndo usiseme, ule mpaka wa kusema kiuno kimezidi, sentimita 94 kwa wanaume na 80 kwa wanawake, ni wa Wazungu, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari likasema Waafrika wa kusini mwa Sahara watumie huo huo wa Ulaya mpaka data zao zipatikane. Yaani tumeazimwa gauni. Mnaotafuta mada za PhD mpaka mnaumwa vichwa, mada si hiyo hapo?

Simaanishi tatizo halipo. Wanawake wa miaka 15 mpaka 49 wenye uzito uliozidi au unene walikuwa 18% kwenye takwimu za nchi za 2004/05, zile za 2015/16 wakafika 28%. Mjini kuliko kijijini, wenye nacho kuliko wasio nacho. Ila hiyo ya wenye nacho msiishie hapo, pandeni Mabatini au Igogo kule juu ya mawe muone mama anayenunua mafuta ya kupima, chai ya sukari na maandazi asubuhi, jioni chipsi, minofu ya sangara inapanda ndege yeye anabaki na panki, yale mifupa na kichwa yanayobaki minofu ikishatolewa, na nyumba hiyo hiyo kuna mtoto mdumavu. Huyo wastani haumuoni. Halafu zile sindano za kupunguza uzito mnazozishabikia, semaglutide Marekani waliiruhusu kwa kazi hiyo mwaka 2021, muulizeni huyo mama wa panki anaziona wapi.

Kibali cha NIMR, ile taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, mnakijua, barua ya mkoa, wilaya, mtendaji wa kata, sawa. Lakini hakuna barua inayokwambia habari za mwezi. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanarudi makwao, kwa hiyo ukienda mwaloni siku hizo utapima nusu ya watu, halafu utaandika sampuli inawakilisha. Pigeni simu kwanza kwa watu wa BMU, kile kikundi cha kusimamia uvuvi cha mwalo husika, watawaambia tarehe. Na asubuhi boti za dagaa zikiingia usimsimamishe mtu kumsomea fomu ya kurasa nne, subiri waanike kwanza.

Mambo ya majina kwenye paper nayasema haraka maana yananipandisha presha. Kuna kazi nilizotembea visiwani kwa miguu na kwa mtumbwi kuzikusanyia data, jina langu liko kwenye shukrani, tena wamekosea herufi. Nyie kubalianeni kabla ya kuanza, kwa maandishi, nani anaandika nini na nani anakaa wapi, na yule kijana anayebeba mizani mgongoni mumuulize kama anataka kujifunza kuandika. Wengi wanataka, wanaogopa kuomba tu.

Na matokeo yarudisheni mwaloni. Mi nilirudi kule Ilemela baada ya miaka mitatu, na mkate na mkanda mkubwa. Yule mama alinipokea, akanikalisha kwenye ndoo, presha akanipa mkono nikapima, mizani akasema hiyo weka kwenye gari.

Jumamosi nipo nyumbani Nyegezi kuanzia saa nne. Kila mmoja aje na mizani anayotumia. Nina dumu, tutalipima tupu, halafu tujaze maji kwa chupa ya lita moja mara ishirini, msilijaze kwa macho maana madumu yetu haya yakijaa mpaka shingoni yanazidi lita 20. Tofauti isiposoma kilo 20 mizani yako inabaki kwangu, na data ya wiki iliyopita tutakaa tuizungumze na chai, isiyo na sukari, mtanisamehe.