Barua kwa Zuhura kuhusu kinundu cha mguu

Mombasa

Shoga yangu Zuhura,

Barua yako nimeipata, na nimesikitika kusoma jinsi kinundu kilicho kando ya kidole gumba cha mguu wa kulia kinavyokuchoma ukishamaliza vipindi vya asubuhi. Umeniuliza kama ununue kile kifaa cha plastiki kinachosifiwa kwamba hunyoosha kidole usiku. Usikinunue kwa tumaini hilo. Kinachotokeza pale ni kichwa cha mfupa wa wayo ulioungana na kidole gumba; mfupa huo umesogea kuelekea mguu wa pili, huku kidole chenyewe kikiwaegemea wenzake, na kwa mtu mzima hakuna kifaa wala zoezi la kuurudisha mahali pake. Maumivu ndiyo yanayotulizika, na wako wengi wanaoishi na vinundu vyao miaka mingi bila kupasuliwa.

Anza na viatu, maana hapo ndipo penye kazi kubwa. Simama peku juu ya karatasi, mtu akuchoree mguu kwa penseli, kisha uweke juu ya mchoro huo kiatu unachovaa shuleni. Ukiona mstari umetokeza nje ya soli, basi kiatu hicho kinakubana kila hatua. Tafuta chenye pua pana, ngozi laini isiyo na mshono juu ya kinundu, kisigino kisichozidi sentimita 5, na kamba au mkanda wa kuuzuia mguu usiteleze mbele. Nenda ukavijaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na ukisimama ibaki nafasi ya upana wa kidole mbele. Vyangu nilivipata kwenye mitumba ya Kongowea, vizuri ila vilibana upande mmoja. Fundi alibandika kipande cha ngozi juu ya kalibu ya mti, yaani umbo la mguu linaloingizwa ndani ya kiatu, pale pale kinundu kinapogusa, akailowesha ngozi ya kiatu na kuiacha kalibu ndani usiku kucha. Sasa naweza kusimama sokoni asubuhi nzima.

Siku kinapovimba, weka barafu iliyofungwa kitambaani kwa dakika 10 hadi 20, na ujaribu jeli ya kupaka ya diklofenaki. Vidonge vya ibuprofeni usimeze kabla ya kumuuliza mfamasia, kwa kuwa una presha. Kipande cha silikoni kati ya kidole gumba na cha pili huwasaidia baadhi ya watu, mradi kiatu kina nafasi ya kukipokea. Ndani ya kiatu chembamba kitaongeza mbano. Kukivuta kitambaa sakafuni kwa vidole nako ni kuzuri, kwa kuwa hukipa kiungo wepesi.

Kiungo kikiwaka ghafla usiku, kikawa chekundu na cha moto hata shuka isivumilike, huenda ni jongo, ugonjwa mwingine wa viungo, ambalo tiba yake ni nyingine kabisa. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Umesema mama naye anacho, wala sishangai, maana umbo la mguu hurithiwa. Lakini yeye ana kisukari. Tafadhali asikwangue ngozi ngumu kwa wembe, wala asivae kiatu kinachomsugua, na akipata kidonda hata kidogo kama punje ya mtama, mpeleke kwa daktari bila kungoja kesho.

Nisalimie wote nyumbani Tanga.

Wako,
Mwanajuma