Kwa mpwa wangu uliyeambiwa usubiri

Mpwa wangu,

Tangu kile chuo cha Massachusetts, Marekani, kikujibu mwisho wa Machi kwamba umewekwa kwenye orodha ya wanaosubiri nafasi, kila jamaa anayepita kwenu Ahero anakuuliza swali moja: "Sasa uko nambari ngapi?" Nakuandikia hadharani kwa sababu najua si wewe peke yako. Wapo vijana Nakuru, Kakamega na Homa Bay waliopata jibu kama lako, na kwao pia wanaulizwa hivyo hivyo.

Huna nambari. Vyuo vingi vya aina hiyo havipangi majina ya wanaosubiri kwa mfuatano. Si foleni ya matatu pale steji, kwamba aliyetangulia kufika ndiye atakayepanda. Chuo hukubali watu wengi kuliko nafasi zake kikijua baadhi yao watakwenda kwingine, na siku ya mwisho ya kujibu huwa tarehe 1 Mei. Hapo ndipo wanapohesabu waliothibitisha. Wakipungukiwa, wanaita kutoka kwenye orodha kwa kuangalia pengo liko wapi. Wasipopungukiwa, hawamwiti mtu, hata awe na A za kujaza ukurasa. Vyuo vingi vya Marekani hutoa hesabu hizi kila mwaka katika hati iitwayo Common Data Set, sehemu ya C2: wangapi waliwekwa kwenye orodha, wangapi walikubali kubaki, wangapi waliingia. Tafuta ya chuo chako, usome ya miaka kadhaa, umwonyeshe na baba yako.

Ukishaiona, nakuomba uthibitishe nafasi yako kwenye kile chuo kingine, cha Ohio, kabla ya tarehe 1 Mei. Wamekukubali na wamekupa ufadhili kwa maandishi. Yale malipo ya kushika nafasi hayarudishwi, lakini waandikie ukiomba wakusamehe. Wanaoomba kwa sababu ya hali ya nyumbani husikilizwa mara nyingi. Kuthibitisha huko hakukutoi kwenye orodha ya Massachusetts. Ukiitwa, utawaarifu Ohio mara moja kwamba umejitoa.

Linalonikosesha usingizi ni pesa. Fungu la ufadhili hugawiwa kwanza kwa waliokubaliwa mapema, na baadhi ya vyuo ambavyo kwa kawaida havitazami uwezo wa kifedha wa mwombaji huanza kuutazama vinapoita kutoka kwenye orodha, hasa kwa wanafunzi wa kutoka nje. Kwa hiyo waulize Massachusetts wazi, kwa barua pepe: nikiitwa, je, ufadhili utakuwepo? Muda nao ni mfupi. Simu ya Juni au Julai maana yake fomu mpya ya I-20, ile ya chuo ya kuombea viza ya mwanafunzi, kutoka chuo kipya, na usaili wa viza uko ubalozi wa Marekani, Gigiri, Nairobi, wakati masomo huanza mwisho wa Agosti. Ile ada ya SEVIS pekee, ya kusajiliwa na serikali ya Marekani kama mwanafunzi wa kigeni, ni dola 350. Usiilipe kwa haraka kabla hujajua unakwenda wapi.

Halafu barua yako kwa Massachusetts. Kwanza hakikisha umebonyeza kule kwenye akaunti yako kwamba unakubali kubaki kwenye orodha. Asiyejibu huhesabiwa ametoka. Rasimu uliyonitumia nimeisoma mara mbili. Aya tatu nzima unawasifia chuo chao, maktaba yao, maprofesa wao. Hayo wanayajua. Wasiyoyajua ni yaliyotokea tangu utume maombi. Matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, yalitoka Januari, fomu yako ikiwa imeshafika kwao. Tangu hapo unafundisha hisabati kidato cha pili, na uliniambia kuhusu yule kijana aliyekataa kabisa hesabu za sehemu mpaka ulipompeleka barabarani penye mpunga ulioanikwa kwenye maturubai, mkagawanya magunia ya jirani kwa thuluthi na robo. Andika hilo. Sentensi sita zinatosha. Kama kweli ni chaguo lako la kwanza na utakwenda wakikuita na pesa zikiwepo, sema hivyo. Kama si kweli, usiseme. Barua moja tu, na usimruhusu mwalimu mkuu, mchungaji na mheshimiwa kutuma zao juu yake. Wakiwa wanataka kitu zaidi, wataomba.

KUCCPS nayo, wanaopanga wanafunzi kwenye vyuo vya hapa Kenya, usiiache. Chuo Kikuu cha Maseno kiko karibu na kwenu, na alama zako zinakuruhusu kuomba kozi nzuri. Anayekuambia kujaza fomu ile ni kukata tamaa hajawahi kukaa nyumbani mwaka mzima akitazama simu.

Akija mtu mwenye ofisi mjini akidai ana njia ya kukupandisha kwenye orodha kwa malipo, mfunge mlango. Hakuna njia hiyo. Wazazi wa Uasin Gishu walilipia masomo ya Finland na Canada, na mwaka 2023 waliandamana Eldoret wakidai pesa zao. Sitaki kumwona kaka yangu kwenye umati wa namna ile.

Kuhusu lile kundi la WhatsApp la harambee, nitaongea na baba yako mwenyewe. Watu wachangie nauli na viza ya Ohio, kiasi kinachojulikana, safari inayojulikana. Wewe nitumie rasimu mpya kabla ya Ijumaa, na barua ya ufadhili ya Ohio uipige picha kurasa zote, hata ile yenye maandishi madogo. Nataka tuisome pamoja kabla hujathibitisha.

Shangazi yako,
Kisumu